Shamba Lililotuama Maji: Kazi Yake Hufanywa Udongo Ukiwa Mkavu

Mahindi yaliyosimama kwenye maji kwa siku tatu hunyauka. Jua likipanda, majani hujikunja kama ya shamba lililokosa mvua mwezi mzima, ilhali maji yanameremeta kati ya mistari. Siku ya tano majani ya chini huanza kuwa ya njano, na hapo wengi hukimbilia mbolea. Hasara ya kwanza ililetwa na mvua. Hii ya pili ni ya kujitakia, na ndiyo inayouma zaidi.

Maji kutuama ni tatizo la hewa, na hewa haiuzwi kwenye mfuko. Huingizwa ardhini kwa jembe, mfereji na mteremko, tena kabla mvua haijaanza. Anayesubiri shamba lijae ndipo atafute dawa atapata dawa ndogo kwa ugonjwa mkubwa.

Udongo mzuri ni nusu tu udongo. Nusu nyingine ni vinafasi, baadhi vimejaa maji na baadhi hewa. Mvua kubwa inapofukuza ile hewa, oksijeni mpya hulazimika kupenya kwenye maji, na humo husafiri polepole mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Mizizi na vijidudu havisimami kupumua kwa kuwa mvua imenyesha. Oksijeni iliyobaki huisha ndani ya siku moja au mbili, na udongo ukiwa na joto huweza kuisha kabla saa 24 hazijatimia. Kwa hiyo siku mbili za maji msimu wa baridi na siku mbili za maji msimu wa joto ni mambo mawili tofauti kabisa kwa mmea uleule.

Mzizi ukikosa oksijeni hugeukia kuchachusha sukari. Sukari ambayo kwa hewa ingetoa vipimo vya nishati vipatavyo 30 sasa hutoa 2. Akiba ya sukari inakwisha haraka, asidi inaongezeka ndani ya seli, na vijilango vinavyopitisha maji kuingia mzizini hujifunga. Hiyo ndiyo sababu ya mmea kunyauka ukiwa na maji hadi kifundoni: maji yapo mlangoni, mlango umefungwa. Kuuongezea maji mmea wa namna hiyo kwa kudhani una kiu ni kuumaliza.

Nyanya hutoa onyo mapema kuliko mahindi, ukijua kulisoma. Gesi ya ethilini huongezeka ndani ya mmea uliokosa hewa mizizini, nayo husababisha upande wa juu wa kikonyo cha jani ukue kwa kasi kuliko upande wa chini. Jani huinama kuelekea ardhini. Lishike kwa vidole: likiwa limelegea lote, hilo ni jani lililonyauka. Likiwa gumu na limejaa maji, ila kikonyo kimepinda chini kutoka kwenye shina, mizizi inakosa pumzi na bado una muda wa kufungua mfereji.

Huko chini, vijidudu vya udongo navyo vinatafuta njia. Oksijeni ikiisha, baadhi yao hupumulia naitreti, yaani ile nitrojeni ambayo mmea ungeila, na kuigeuza gesi inayopotelea angani. Naitreti ikipungua hufuata manganizi, kisha chuma, kisha salfeti. Ukichimba bonge la udongo likanuka yai viza, ujue mfuatano umefika kwenye salfeti na hali imekuwa mbaya kwa muda mrefu. Chuma nacho huacha alama inayodumu miaka. Chimba shimo la sm 60 wakati wa kiangazi na utazame ukuta wake. Udongo wenye rangi moja ya kahawia au nyekundu hupata hewa. Ukikuta kijivu chenye madoa ya rangi ya kutu, hapo maji husimama na kuondoka kila mwaka, na kina ambacho madoa yanaanzia ndicho kina ambacho maji hupanda. Kijivu kitupu kisicho na madoa maana yake maji hayaondoki karibu kamwe. Shimo hilo la dakika 20 lingewaepusha wengi kupanda maparachichi mahali pa magimbi.

Njano ya majani na mfuko wa urea

Hapa panahitaji hesabu. Udongo uliojaa maji wenye joto la zaidi ya nyuzi 18 hupoteza takriban asilimia 4 hadi 5 ya naitreti yake kila siku, kuanzia oksijeni inapokwisha. Chukua hekta moja yenye kilo 60 za nitrojeni iliyo katika hali ya naitreti. Siku tano za namna hiyo huondoa kilo 11 hadi 14. Urea ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo pengo zima hujazwa na kilo 24 hadi 30 za urea kwa hekta. Kwa mahindi yaliyopandwa sm 75 kwa sm 30, ni chini ya gramu 1 kwa mche. Hata robo ya kizibo cha soda haifiki.

Kwa nini basi shamba zima limekuwa la njano? Kwa sababu kubwa kuliko ile ya udongo kuishiwa: mzizi hauna nguvu ya kuvuta kilichopo. Mmea huhamisha nitrojeni kutoka majani ya zamani kuyapa machanga, na majani ya chini yanageuka njano. Ukimwaga kizibo kizima cha urea juu ya udongo ambao bado umeloa chepechepe, mzizi uliozimia hauli, sehemu ya mbolea inapaa kama gesi ya amonia, na iliyobaki inasubiri kugeuka naitreti na kupotea kwenye mvua inayofuata. Subiri udongo upate hewa na jani jipya lianze kutoka na rangi ya kijani. Hapo ndipo mzizi umerudi kazini, na hapo ndipo mbolea kidogo iliyofukiwa sm 5 hivi inalipa. Mboga zenye thamani zinaweza kusaidiwa kwa kunyunyizia majani urea ya gramu 10 kwa lita moja ya maji, jioni, ili zivuke wiki hiyo. Ni msaada wa kupita tu.

Aina ya mbolea uliyoweka kabla ya mvua ina uzito pia. Nusu ya nitrojeni ya mbolea ya CAN ni naitreti tangu siku ya kwanza, kwa hiyo iko wazi kupotea mara moja. Urea na mbolea ya DAP huleta amoniamu, nitrojeni ya namna nyingine, ambayo hushikwa na udongo na huchukua wiki kadhaa kugeuka naitreti. Penye ardhi tambarare na mvua kubwa, kuweka urea kwa mafungu mawili au matatu na kuifukia ni busara kuliko kumwaga yote mara moja wakati wa kupanda.

Jingine linaloharibu shamba baada ya maji kupungua ni miguu na magurudumu. Udongo uliolowa ukikanyagwa hubanwa, na kubanwa huko huendelea kuzuia maji misimu inayofuata. Chukua udongo wa kina cha sm 10, ufinyange uwe tonge, kisha ulisukume kwa kidole gumba. Likivunjika vipandevipande, ingia. Likibonyea kama udongo wa mfinyanzi wa kutengenezea chungu, rudi nyumbani. Ukishaweza kuingia, palilia juujuu, sm 2 hadi 3 tu, kuvunja ganda lililojitengeneza juu ya ardhi. Palizi hiyo moja huingiza hewa kuliko mfuko wowote, na kwa nini haifanywi na wengi sielewi.

Usiharakishe kung'oa pia. Mahindi yakiwa bado na majani yasiyozidi sita yaliyokamilika, ncha yake ya ukuaji imejificha chini ya uso wa udongo au usawa wake. Hiyo huyakinga na upepo na wanyama, lakini penye mafuriko ndiyo huwekwa majini. Maji baridi yanayotembea yanaweza kuvumiliwa siku mbili hadi nne. Maji yenye joto yaliyosimama huua kabla ya saa 48. Siku tatu hadi tano baada ya maji kuondoka, ng'oa miche michache kutoka sehemu mbalimbali na upasue shina kwa wembe kwa urefu. Ncha nyeupe au ya maziwa na ngumu, mmea u hai. Ya kahawia na inayoteleza, panda upya kama msimu unaruhusu. Amua kwa kuhesabu miche iliyo hai. Macho ya mbali hudanganya kwa kuona njano tu.

Magonjwa huja na maji hayohayo. Vimelea vya Pythium na Phytophthora hutoa mbegu zenye vijimkia zinazoogelea kufuata mizizi, na mzizi uliokosa hewa huvujisha sukari inayozivuta. Parachichi hufa kwa njia hiyo: maji siku chache, Phytophthora miezi inayofuata, na mwenye mti akidhani ni ukame. Viazi mviringo hufungua vitundu vya ngozi yake vikawa kama vipele vyeupe, na bakteria wa uozo laini huingia humo. Kuosha viazi vya shamba lililofurika na kuviweka stoo ni kuambukiza gunia zima. Vikaushwe, vichambuliwe, viliwe au viuzwe mapema. Maharage na jamii yake hupata pigo la ziada, kwani vile vinundu vya mizizini vinavyokamata nitrojeni ya hewani vinahitaji oksijeni nyingi na husimama kazi mapema.

Anza mahali pa kutokea

Kosa la kwanza katika kutoa maji shambani ni kuchimba mifereji kabla ya kujua maji yatatokea wapi. Mfereji usio na mdomo ulio chini kuliko shamba ni bwawa refu jembamba. Tafuta kwanza pa chini kabisa, hakikisha maji yakitoka hapo hayataingia kwa jirani wala kukata barabara, kisha chimba kutoka mdomoni kupanda juu. Ukichimba hivyo, maji yatakayotokea wakati wa kazi yanaondoka yenyewe, na yanakuonyesha papo hapo ulipokosea.

Macho hayawezi kupima mteremko wa ardhi tambarare. Chukua mpira wa maji wa plastiki unaopitisha mwanga, wa mita 12 hivi, uujaze maji hadi ibaki kama sm 30 kila ncha, na uondoe mapovu yote, maana povu moja hupotosha kipimo. Funga kila ncha kwenye ufito wenye alama za sentimita. Simamisha fito mbili pamoja na uhakikishe maji yanasoma sawa. Kisha mmoja abaki na mwingine asogee mita 10. Tofauti ya usomaji ndiyo tofauti ya kimo. Mfereji wa shamba unataka kushuka sm 2 hadi 5 kwa kila mita 10. Chini ya hapo tope linatuama na kuziba, na ukizidi sm 10 kwenye udongo mlegevu, maji yatakula mfereji na kuugeuza korongo, isipokuwa uoteshe nyasi au uweke vizuizi vya mawe.

Mashamba mengi ya bondeni yanaua mimea kwa maji ambayo hata hayakunyeshea humo. Yanatelemka kutoka juu. Mfereji mmoja wa kukinga, uliochimbwa kukata mteremko upande wa juu wa shamba, kina sm 50 hadi 60, sakafu ya upana wa sm 40 hadi 50, kuta zikilazwa ili zisibomoke, na udongo wake ukitupwa upande wa chini kuwa tuta la kuzuia, unaweza kuondoa nusu ya tatizo kabla hujagusa shamba lenyewe. Ninaona ajabu kwamba huu ndio unaochimbwa wa mwisho, au hauchimbwi kabisa, watu wakishughulika na matuta ndani ya shamba linalomiminiwa maji ya mlima mzima.

Matuta yenyewe ndiyo njia bora kwa gharama yake. Tuta pana la sm 100 hadi 120, kimo cha sm 20 hadi 30 baada ya kutulia, na mtaro wa sm 40 hadi 50 kati ya tuta na tuta, huweka mizizi mingi juu ya maji hata siku ambayo mitaro imejaa. Elekeza mitaro kwenye mteremko mdogo, iishie kwenye mfereji wa kukusanyia maji, na kwenye shamba refu weka mfereji kama huo kila baada ya mita 60 hadi 80. Usiyavunje matuta kila msimu. Kanyaga mitaroni tu, ongeza mboji juu, acha mabaki ya mazao. Msimu wa tatu udongo wa tuta huwa umejengeka mabonge madogo yanayopitisha maji, na kuvunja ni kuirudisha kazi mwanzo.

Kabla ya matuta lakini, angalia tabaka gumu. Jembe la plau likipita kina kilekile miaka mingi hutengeneza sakafu kwenye sm 15 hadi 25, na maji husimama juu yake ingawa chini ni pakavu. Chukua nondo nyembamba, isukume kwa mkono siku moja baada ya mvua. Ikizama kwa urahisi, ikakwama kwenye kina kilekile kila mahali, kisha ikishapita inazama tena kwa urahisi, umelipata. Tabaka hilo hupasuliwa kwa sururu au kwa jembe la meno marefu linalofika sm 35 hadi 45, na sharti lake moja halijadiliwi: udongo uwe mkavu hadi chini. Ukiwa mkavu hupasuka na kuachana pande zote. Ukiwa na unyevu, jino hukata mfuo mmoja na kuulainisha kuta kama mwiko wa fundi, na msimu ujao maji yatasimama vilevile. Ukishapasua, panda mbaazi au marejea (mmea wa kurutubisha udongo) yashike nyufa hizo kwa mizizi kabla hazijafunga.

Wapo wanaoshauri kumwaga mchanga kwenye mfinyanzi. Fanya hesabu: hekta moja kwa kina cha sm 20 ni mita za ujazo 2,000. Ili mchanga uwe hata sehemu moja kwa tano ya hapo unahitaji mita za ujazo 400, yaani safari 40 za lori la mita 10. Kiasi kidogo hujaza tu vinafasi vya mfinyanzi na kuufanya mgumu zaidi. Jasi nayo inasifiwa kupita kiasi. Inafungua udongo ulioharibiwa na sodiamu. Penye mfinyanzi wa kawaida usio na tatizo hilo, ni fedha iliyotupwa. Kitu kingine kinachoaminiwa bure ni kuweka kokoto chini ya shimo la mti. Shimo ndani ya mfinyanzi ni beseni, na beseni lenye kokoto bado ni beseni. Mti upandwe juu ya kichuguu cha sm 40 hadi 60, chenye upana wa mita 1.5 au zaidi, shimo likiwa dogo tu la kutosha mizizi.

Mabomba yenye matundu yanayofukiwa kina cha sm 80 hadi 120 hufanya kazi nzuri kwenye udongo unaopitisha maji kiasi. Kwenye mfinyanzi mzito yanapaswa kukaribiana, mita 8 hadi 15, na mtaro ujazwe kokoto hadi karibu na kina kinachofikiwa na jembe, kwa sababu maji hayawezi kupita kwa upande kuyafuata. Bila kokoto hizo, bomba linabaki kavu chini ya shamba lililofurika. Gharama ni kubwa, na siwezi kumshauri mtu afike huko kabla ya kuwa na mdomo wa kutokea, mfereji wa kukinga na matuta.

Utajuaje kama kazi imefaulu? Tumbukiza bomba la kipenyo cha sm 5, lenye matundu kando, kwenye tundu la kina cha mita 1, na upime kwa ufito. Lenga maji yashuke sm 30 chini ya uso ndani ya saa 24 baada ya mvua kukoma, na sm 50 ndani ya saa 48. Weka mabomba matatu, la juu, la kati na la chini. Likifeli la chini peke yake, mdomo umeziba. Yakifeli yote, urudi kwenye nondo na tabaka gumu.

Pasipo na pa kutokea, acha kupigana na maji, pachagulie zao linalopapenda. Mpunga na magimbi hupitisha hewa ndani ya mashina hadi mizizini. Miwa huvumilia kwa kiasi, na mtama huvumilia kuliko mahindi. Mipapai huweza kufa ndani ya siku mbili hadi nne, na maharage, pilipili, mihogo na viazi haviko mbali nyuma yake. Njia nyingine ni kuchimba bwawa pale pa chini kabisa na kupandisha ardhi inayolizunguka kwa udongo wake. Bwawa la mita 10 kwa 10 juu, kina mita 1.5, kuta zikilazwa kwa nyuzi 45, hutoa karibu mita za ujazo 110, zinazotosha kuinua mita za mraba 400 kwa sm 27. Udongo wa juu, sm 20 za mwanzo, uondolewe kwanza kwenye bwawa na kwenye eneo litakaloinuliwa na kulundikwa kando. Ule wa kijivu wa chini umwagwe katikati, na wa juu urudishwe juu yake mwishoni. Ukigeuza mpangilio huo, utakuwa na shamba lililoinuka vizuri ambalo halioti kitu.